NENDA ZAKO: UCHAMBUZI WA WIMBO MMOJA WA KUACHANA

Mwaka huu sikutaka kuandika tena juu ya ngeli wala juu ya faida za misitu, maana hayo tumeyasoma katika jarida letu hadi tukayakinai. Nimeamua kuchambua wimbo. Tena si wimbo wa Kiswahili. Ni wimbo wa muziki wa roki uitwao "Go Your Own Way", ulioimbwa na bendi ya Fleetwood Mac na kutolewa Marekani mwezi wa Desemba 1976. Nilipomweleza mlezi wa chama nia yangu alinitazama juu ya miwani, kisha akasema, "Chama cha Kiswahili si chama cha nyimbo za Kiswahili. Ni chama cha kuyasema mambo kwa Kiswahili. Lete." Basi nimeleta.

Wimbo huu niliusikia kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa redio pale sokoni. Anayo kaseti moja isiyo na jalada, na kila anapomaliza kutengeneza redio ya mtu huiweka kaseti hiyo ili ajaribu spika. Anasema ngoma za wimbo ule zikisikika bila kukwaruza, basi redio imepona na mwenyewe anaweza kulipa. Kwa hiyo nimeusikia labda mara mia, nikiwa nimeketi pale nikimsubiri afunge kibanda. Nilidhani ni wimbo wa furaha. Una kasi, una sauti tatu zinazopaa pamoja kwenye kiitikio, na magitaa yanalia mwishoni kama watu wanaosherehekea. Siku moja mjomba akaniuliza, "Mama, unajua hawa wanatukanana?" Nikacheka. Akasema, "Tena huyo anayetukanwa ndiye anayeitikia."

Sikuamini. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma.

Ili tuuelewe wimbo yafaa kwanza tuwajue watu wake. Fleetwood Mac ilianzishwa London mwaka wa 1967, ikipiga muziki wa bluzi. Jina lake lilitokana na watu wawili, Mick Fleetwood aliyepiga ngoma na John McVie aliyepiga gitaa la besi. Hawa wawili walidumu, lakini wapiga gitaa na waimbaji wao waliingia na kutoka kama abiria wa matatu. Mkewe John, Christine McVie, alikuwa mpiga kinanda na mtunzi. Baadaye bendi ikahamia California.

Mwaka wa 1974 Mick Fleetwood alitembelea studio moja iitwayo Sound City huko Van Nuys, karibu na Los Angeles, ili aone kama itafaa kurekodia. Akapigiwa santuri ya vijana wawili ili asikie sauti ya studio ilivyo. Vijana wenyewe walikuwa Lindsey Buckingham, mwanamume mpiga gitaa, na Stevie Nicks, mwanamke mwimbaji. (Majina haya huwachanganya watu, kwa hiyo narudia: Lindsey ni mwanamume, Stevie ni mwanamke.) Walikuwa wamejuana tangu wakiwa shule ya sekondari, kisha wakawa wapenzi. Santuri yao ya 1973 haikununuliwa na kampuni ikawaacha. Stevie alikuwa akihudumu mezani mkahawani na kusafisha nyumba za watu ili walipe kodi, huku Lindsey akikaa na gitaa akijinoa.

Mwishoni mwa mwaka huohuo mpiga gitaa wa Fleetwood Mac aliondoka. Mick Fleetwood alimkumbuka yule kijana wa gitaa, akamwita. Alimtaka yeye peke yake. Lindsey akajibu kwamba wao ni wawili, na wakimtaka mmoja wawachukue wote. Hapa naomba msomaji aweke kidole, kwa sababu tutarudi. Mtu huyu alikataa kuingia mlango wa bahati bila mwenzake.

Waliingia wote wawili. Santuri yao ya kwanza na bendi ilitoka Julai 1975, ikapanda polepole mpaka ikashika nafasi ya kwanza Marekani mwezi wa Septemba 1976. Lakini wakati santuri inapanda, nyumba zote zilikuwa zinabomoka. John na Christine McVie walikuwa wanapeana talaka. Ndoa ya Mick Fleetwood ilikuwa mashakani. Na Stevie alikuwa amemwacha Lindsey. Watu watano, na hakuna hata mmoja aliyelala usingizi mzuri.

Katika hali hiyo, mwezi wa Februari 1976, waliingia studio ya Record Plant katika mji wa Sausalito, karibu na San Francisco, kurekodi santuri ya pili. Wangeweza kuvunja bendi, lakini ndiyo kwanza mambo yalikuwa yanawanyookea. Wakabaki. Kila mmoja akawa anatunga juu ya yule aliye upande wa pili wa chumba. Christine alitunga wimbo wa furaha juu ya mwanamume mpya aliyempata, na mumewe John alipouliza ni juu ya nani akaambiwa ati ni juu ya mbwa. John akaupigia besi. Mimi hapo nilicheka, halafu nikaona si jambo la kuchekesha sana.

Walirekodi na kurekodi kwa miezi mingi. Walizipitisha kanda kwenye mashine mara nyingi kiasi kwamba zikaanza kuchakaa na sauti kali za ngoma zikafifia, ikabidi wazitumie kanda za akiba. Nilimuuliza mjomba kama jambo hilo lawezekana. Akanionyesha utepe wa kaseti. Akasema umepakwa unga wa madini, na kila unapopita kichwani unachubuka kidogo, hivi kwamba ukiupenda wimbo mno unaumaliza.

Santuri hiyo iliitwa Rumours, yaani uvumi, na John McVie ndiye aliyependekeza jina. Ilitoka Februari 1977. Ilikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 31, ikapata tuzo ya Grammy ya santuri bora ya mwaka katika 1978, na hadi leo nakala zaidi ya milioni 40 zimeuzwa duniani. Wimbo wa kwanza kutolewa kutoka humo, kabla santuri yenyewe haijatoka, ndio huu wetu. Ulifika nafasi ya 10 Marekani.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana mwalimu atauliza.

Jina la wimbo tungelitafsirije? Wenzangu wengi nilipowauliza walisema "Enda Njia Yako Mwenyewe". Hayo ni maneno ya Kiingereza yaliyovaa kanzu. Kiswahili kina usemi wake tayari, nao ni "nenda zako". Mlezi wetu alitueleza kwamba hiyo "zako" inasimamia njia, yaani nenda njia zako, ila njia yenyewe imeachwa na watu wote wanaielewa. Ndiyo maana tunasema nimekwenda zangu, amekwenda zake, wamekwenda zao, hata kama mwendaji ni mwanamume, mwanamke, mbuzi au basi.

Lakini angalieni ajabu moja. "Nimekwenda zangu" haina ubaya. Mtu amemaliza kazi, amekwenda zake nyumbani. "Twende zetu" ni maneno mazuri kabisa, nadhani ni miongoni mwa maneno mazuri tuliyo nayo. Ukisema "twende zetu" unamshika mtu mkono. Ila ukiigeuza ikawa amri kwa mtu mmoja, "nenda zako!", hapo umemfungia mlango. Neno ni lilelile. Kilichobadilika ni nafsi tu, kutoka sisi hadi wewe. Nafikiri kuachana kwote kumo ndani ya badiliko hilo dogo la sarufi.

Kuna jambo jingine. Katika kiitikio mwimbaji hatumii amri tupu. Anatumia lugha ya ruhusa, kwamba yule mtu anaweza kwenda akitaka. Kwa hiyo tafsiri kamili ingekuwa "Waweza Kwenda Zako". Ukiyasoma bila kujua kisa utasema huyu bwana ni mpole, anamwachilia mwenzake kwa amani. Ukijua kisa utaona kejeli. Anamruhusu kuondoka mtu ambaye tayari ameondoka! Ni kama mtu aliyeachwa na basi kituoni halafu analipungia mkono akisema, sawa, nimelipa ruhusa liende.

Tena beti zake hazikubaliani na kiitikio. Zipo beti mbili tu. Mwanzoni msemaji anaonekana kubembeleza, angetoa kila alicho nacho laiti mwenzake angekipokea. Kisha kiitikio kinakuja kwa kelele kumwambia aende. Halafu anarudi kuuliza maswali. Mtu aliyekwisha kuamua hafanyi hivyo. Katika uchambuzi wa mashairi tunafundishwa kutafuta hisia ya mtunzi, na wanafunzi wengi huandika neno moja, "hasira" au "huzuni", wakaweka nukta. Hapa neno moja halitoshi. Ana hasira kwa sababu bado anataka.

Hata ngoma zinasema hivyo. Jaribu kupiga mguu chini ukisikiliza beti, utapotea. Mimi nilijaribu kwa kugonga dawati wakati wa mapumziko ya saa nne na kila mara nilijikuta niko nje ya mapigo. Kumbe si kosa langu. Lindsey alitaka mapigo yanayofanana na ya wimbo wa Rolling Stones uitwao "Street Fighting Man", na Mick Fleetwood akashindwa kuyaiga, akazusha yake mwenyewe, akizungukazunguka kwenye ngoma kubwa badala ya kunyoosha. Basi katika beti msikilizaji anayumba, hajui pa kukanyaga. Kiitikio kikianza, mapigo yananyooka na mguu unapata ardhi. Ndiyo sababu kiitikio kinatia raha hata kama maneno yake ni machungu. Na mwishoni maneno yanakwisha kabisa, gitaa peke yake linaendelea kulalamika mpaka sauti inafifia. Wimbo wote ni dakika tatu na nusu hivi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Katika ubeti wa pili upo mshororo mmoja ambao unamshtaki Stevie. Sitaunukuu. Maana yake ni kwamba yeye ni mtu wa kufungasha na kuhamia kwa mwanamume huyu na yule, kwamba hilo ndilo tu alitakalo. Stevie ameeleza hadharani zaidi ya mara moja kwamba maneno hayo hayakuwa kweli, na kwamba Lindsey mwenyewe alijua si kweli. Alimwomba auondoe mshororo huo. Lindsey akakataa. Ukabaki.

Na kumbukeni, bendi ni moja. Zile sauti tatu nilizosema zinapaa kwenye kiitikio ni ya Lindsey, ya Christine na ya Stevie mwenyewe. Alisimama mbele ya kipaza sauti akasaidia kuupamba wimbo unaomchafulia jina. Kisha wakaenda kuuimba jukwaani, mji baada ya mji, mwaka baada ya mwaka. Amesimulia kwamba kila maneno yale yalipofika alitamani amwendee palepale jukwaani amuue. Lakini aliimba, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Wengine watasema, kwani yeye hakuwa na mdomo? Alikuwa nao. Katika santuri hiyohiyo upo wimbo wake, "Dreams", aliouandika kwa muda wa kama dakika kumi katika chumba kingine cha studio ileile, akiwa na kinanda. Nao unamwambia Lindsey kwamba uhuru anaoutaka ataupata, lakini upweke hautamwacha. Kisa ni kilekile, ila sauti ni ya chini na maneno hayamtukani mtu. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani mwezi wa Juni 1977, na ndio wimbo pekee wa bendi hiyo uliowahi kufika hapo. Aliyenong'ona alimpita aliyepiga kelele kwa ngazi tisa. Katika pwani yetu tuna taarabu, ambako mtu hupigwa kijembe bila kutajwa na kila aliye ukumbini akajua ni nani. Nadhani mashabiki wa taarabu wangemwelewa Stevie mara moja.

Ila haki itendeke kwa Lindsey pia. Gitaa lililoko katika "Dreams" ni lake. Alisaidia kuujenga wimbo ule unaomsema, akaufanya uwe mzuri. Kwa hiyo wote wawili walipambiana nyimbo za kusutana. Sijui niseme huo ni uungwana au ni wazimu.

Na bado yupo "Silver Springs". Huu nao ni wimbo wa Stevie juu ya Lindsey, jina lake likitokana na kibao cha barabarani alichokiona katika jimbo la Maryland. Stevie aliupenda mno. Lakini santuri za wakati ule hazikuweza kubeba nyimbo nyingi ndefu, na bendi ikauondoa. Alikasirika sana. Ukawekwa wapi? Upande wa pili wa sahani ndogo ya "Go Your Own Way"! Yaani ukinunua shtaka lake Lindsey, ukiigeuza sahani unapata jibu la Stevie, lakini ni wachache walioigeuza. Ilichukua miaka 20. Mwezi wa Mei 1997 wote watano walikutana tena huko Burbank, California, kurekodi tamasha lililoitwa The Dance, na Stevie akauimba "Silver Springs" akiwa amemgeukia Lindsey na kumkazia macho. Mjomba alinionyesha picha zake kwenye simu. Mwanamume anapiga gitaa, anaimba naye, anamtazama. Nilisahau kupumua.

Niharakishe yaliyobaki. Lindsey alikuwa ameondoka mwaka wa 1987, akarudi kwa tamasha hilo la 1997, kisha akaondolewa mwaka wa 2018. Christine McVie alifariki tarehe 30 Novemba 2022. Mwaka wa 2025 ile santuri ya 1973, ile isiyonunuliwa, ilitolewa upya.

Nilipousoma uchambuzi huu katika mkutano wa chama, mjadala uliwaka. Ndugu mmoja wa kidato cha nne alisema mtunzi ana uhuru, na kama tukianza kumzuia mtunzi asiseme yaliyomuuma hatutakuwa na ushairi tena, tutabaki na mashairi ya kukaribisha wageni. Akapigiwa makofi, nami nilimpigia. Dada mmoja akasimama akauliza, "Aliyomuuma ni sawa. Yasiyo kweli je?" Yule ndugu akajibu kwamba ushairi si kiapo cha mahakamani. Dada akasema, "Basi asimlazimishe kuitikia." Kengele ikalia, mjadala ukaachwa hapo.

Mimi sikuchangia tena. Nilikuwa na sababu, na nimeona si haki kuwachambulia wimbo wa watu wa mbali nikaficha wangu.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kutunga ngonjera ya tamasha za muziki. Mada ilikuwa miti. Tulikuwa wakariri saba, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Tulikaa dawati moja. Tulitembea pamoja kurudi nyumbani kila jioni, mwendo wa dakika arobaini, na mchana tulikula pamoja, mara nyingi chakula chake kwa sababu mama yake alipika vizuri kuliko sisi. Muhula wa kwanza ulipokwisha alianza kurudi nyumbani na kundi jingine, kisha akahama dawati. Nilikasirika. Katika ngonjera nikaingiza ubeti juu ya watu wanaokuja chini ya mti wakati wa matunda, na matunda yakiisha wakatafuta mti mwingine. Nikampa yeye aukariri. Darasa zima lilijua.

Alinijia siku ya pili ya mazoezi, tukiwa wawili tu kando ya tangi la maji. Akasema, "Huo ubeti si kweli. Uondoe." Nikamjibu kwamba huo ni ushairi, ni miti tu, kwani yeye ni mti? Nilijivunia jibu hilo. Akaukariri kwa wiki tano. Aliukariri vizuri, kwa sauti, na mikono aliyofundishwa. Tulifika kiwango cha kaunti ndogo na mwamuzi akausifu ubeti ule kwa jina, eti una taswira.

Na ukweli nilikuwa naujua. Familia yao ilikuwa imehamia ng'ambo ya reli. Njia yake ya nyumbani ilikuwa imebadilika, ndiyo maana alitembea na wale wanaokaa upande huo, na kwa kuwa alitembea nao akaanza kukaa nao. Aliniambia mwenyewe kabla hajahama. Matunda yalikuwa yake, si yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikila.

Sijui kama Lindsey Buckingham alipouandika mshororo wake aliamini au hakuamini. Sikuwa chumbani mwake. Lakini najua inavyokuwa mtu anapoandika jambo lisilo kweli kwa sababu la kweli ni dogo mno kwa hasira aliyo nayo. La kweli lilikuwa kwamba amehama mtaa. Huwezi kulitungia ubeti wa kumuumiza mtu. Na la kweli lililokuwa chini ya hilo ni kwamba ile safari ya dakika arobaini ilikuwa ndefu sana nikiwa peke yangu, na hilo ningeona aibu kulisema mbele ya mwamuzi.

Kwa hiyo siku hizi nikiusikia wimbo ule pale kwa mjomba siwasikilizi tena Lindsey na gitaa lake. Naitafuta sauti ya juu katika kiitikio, ile ya yule anayeitikia. Haitetemeki hata kidogo. Ukiambiwa anaimba nini utashangaa.

Kabla ya kumpa mhariri makala hii nilimpelekea mwenzangu huyo aisome, maana safari hii nilitaka aione mapema, na kama atasema niondoe niondoe. Alisoma akiwa amesimama, mlangoni mwa darasa lao. Alichukua muda. Alipofika mwisho akaomba kalamu. Akasema nimekosea mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kwamba tulikuwa wakariri sita, na kumbe nilijisahau mwenyewe. Tulikuwa saba. Akakata sita, akaandika saba, akanirudishia karatasi na kalamu, akaingia darasani kwa sababu mwalimu wa hisabati alikuwa anakuja.